Mabega Yaliyovishwa Koti

Ukihitaji kitambulisho mjini Butembo, utavishwa koti la kijivu ambalo hutaligusa maisha yako yote. Liko ndani ya kompyuta. Unafika studio na fulana yako ya kazi, fundi wa kuchapa anakata kichwa chako, anakipachika juu ya koti lenye kola nyeupe, na mambo yamekwisha. Mwashi amelivaa. Mwalimu amelivaa. Mzee aliyetoka Manguredjipa na matope ya machimbo kwenye kucha amelivaa, na tai juu. Wanawake wana la kwao, lenye kifungo kimoja na ua dogo la kitambaa kifuani. Nimepiga picha katika mji huu zaidi ya miaka ishirini, na nina hakika siku ya ufufuo watu wa Butembo watasimama wote na koti lile lile, hata Mungu ashindwe kujua nani ni nani.

Nasema kwa hasira kwa sababu nina hasira. Watu husema yule mama mpiga picha ana mdomo, na mimi siwakatalii. Lakini kaa wewe nyuma ya kamera miaka yote hiyo, tuone kama utabaki mpole. Mwanaume akiingia, hakuna anayehitaji kumwelekeza. Anasimama katikati ya turubai langu lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, anapanua miguu, anaweka mkono kwenye mkanda, anaikazia kamera macho kana kwamba imemtukana. Mwanamke akiingia, shangazi yake anaingia naye. Kaa. Bana magoti. Laza kichwa kidogo. Mkono juu ya mkono. Shika maua. Maua yenyewe ni ya plastiki, nimeyafua mara nyingi hadi yamepauka, na kila nikiyaficha nyuma ya pazia kuna mama atakayeyatafuta mpaka ayapate. Siku mbili baadaye wanarudi na picha mkononi: hapa mkono umeonekana mnene, hapa bega limekuwa la kiume, mwambie fundi apunguze. Fundi anapunguza. Amepunguza mabega ya nusu ya mji.

Na ni mabega ya nani? Hilo ndilo linalonimaliza. Mimi nimezaliwa katika milima ya Masereka. Huko mwanamke anabeba gunia la viazi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na anapanda mlima ambao pikipiki inazimika. Anafika sokoni, anatua, anauza, anarudi nyumbani na kuni, na mtoto kifuani. Hakuna anayesema amegeuka mwanaume. Wanasema ni mwanamke wa kazi, na wanatuma watu kwao kumposa. Lakini mabega yale yale, yakitolewa kitenge yakapigwa picha, yamekuwa aibu ya ukoo mzima. Nimewauliza watu mara nyingi tofauti iko wapi. Wananijibu kwamba mimi napenda mabishano.

Kwa hiyo siku msichana mmoja alipoingia studio yangu na kusema anataka picha ya mabega yake, nilifikiri kuna mtu amemtuma anidhihaki.

Alitoka Beni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, shingo imara, mgongo umenyooka, na alikuwa mnyanyua vyuma. Alifundishwa na mwalimu wa michezo wa kutoka Kasai, mtumishi wa serikali aliyepelekwa Beni, ambaye siku moja aliona mwanafunzi wa kike ananyanyua benchi la darasa peke yake ili afagie chini yake, akaamua kutompoteza. Mwalimu huyo akahamishwa, kama wanavyohamishwa wote. Alimwachia daftari la mazoezi na ekseli ya lori bovu iliyokatwa, ambayo ndiyo ilikuwa chuma chao. Sahani za uzito walikuwa wamezitengeneza wenyewe kwa kumwaga saruji ndani ya mikebe ya rangi.

Sasa alitaka kuanzisha klabu ya wasichana. Alikuwa amepata depo tupu, yaani ghala, kando ya barabara kubwa ya Beni, mali ya Hadji mmoja mwenye malori, ambaye alikuwa tayari kumwachia alitumie. Hadji hakuwa na neno na wanawake wanaonyanyua vyuma. Alisema mizigo ya malori yake imeshushwa na wanawake miaka yote na hakuna aliyewahi kumwuliza swali. Alichotaka ni jengo lisikae bure na wazazi wasije kumpigia kelele. Lakini kulikuwa na kundi la maombi lililolitamani jengo hilo hilo, kila asubuhi lilikwenda kumsalimia. Basi akatoa sharti. Kabla jua halijazama siku ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, aone majina ya wasichana kumi, yameandikishwa na wazazi wao wenyewe. Yakifika kumi, depo ni la klabu. Yasipofika, Jumatatu wanaingia wenye maombi na ngoma zao.

Ndiyo maana alikuja kwangu. Alitaka bango kubwa la turubai juu ya mlango wa depo, na yeye juu yake, akiwa na mwili wake kama ulivyo. Aliniambia wazazi wa Beni wanamwogopa kwa kumsikia tu, kwamba kuna jike-dume linabeba malori. Wakipita pale kila siku wakamwona, uso na mikono pamoja, watamzoea. Nilimwambia hiyo ni akili, na kwamba hatimaye nimepata mteja.

Kisha nikaharibu. Mikono yangu ilianza kazi kabla ya kichwa. Nikamkalisha. Nikaleta taa mbele, karibu na uso, taa ile ninayoitumia kwa mabibi harusi wote, inayolainisha kila kitu inachokigusa. Nikamwambia alaze kichwa kidogo. Nikapiga tatu, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, nikingoja asifie. Akaangalia zote tatu.

"Mama," akasema, "huyu iko na mikono ya mutu anapikaka tu chai."

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Halafu nikaiangalia picha tena, na alikuwa na haki. Mimi, na mdomo wangu wote huu, nilikuwa nimempunguza bila hata kompyuta. Nikaiondoa taa ile mbele, nikaiweka ubavuni, chini. Nikakunja turubai la ngazi, tukabaki na ukuta mtupu wenye madoa. Akavua koti la michezo. Akajitwika ekseli mabegani, ekseli aliyokuja nayo kutoka Beni na iliyomletea ugomvi mrefu na dereva wa gari. Mwanga ukaingia kwenye mgongo na mikono kama jua la asubuhi linavyoingia kwenye matuta ya shamba. Nilimwambia asitabasamu, akaniambia hakuwa na mpango huo.

Picha ya mwisho ndiyo ilikuwa yenyewe. Amesimama, ekseli nyuma ya shingo, mikono imeishika pande mbili, jasho kidogo kwenye mfupa wa bega, na uso umetulia, hauombi kitu kwa mtu. Ni picha bora niliyowahi kupiga. Katika hilo sijui kunyenyekea.

Nilichapa moja ndogo nikaiweka dirishani mwa studio, na wiki ile nusura nifunge kazi. Mke wa mchungaji mmoja aliingia kunishauri, kwa upendo, nimfunike yule dada kwa shali. Mwanaume mmoja alitaka kujua huyo kijana anafundisha wapi, na nilipomwambia ni msichana, alitikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba nimempa habari ya ugonjwa. Shangazi wa bibi harusi mmoja alikataa mtoto wao apigwe picha mpaka ile itolewe dirishani, isije ikamwambukiza. Nikamwuliza itamwambukiza nini, nguvu? Wakaenda studio ya jirani. Nikaongeza taa dirishani.

Faili ya bango niliipeleka mwenyewe kwa fundi wa kuchapa, kwa miguu, kwenye flashi. Nikamwambia asiguse kitu. Asilainishe, asipunguze, asiongeze. Maneno ya kuandika ni haya tu: Andikisha binti yako hapa, Jumamosi. Akasema oui mama, ndiyo mama. Nikayarudia mara tatu na yeye akasema oui mama mara tatu, na sura ya mtu anayevumilia.

Mama mzazi wa msichana alikuwa mchuuzi wa viazi. Siku ya soko hupanda hadi Musienene, hununua, na kurudi Beni na lori la mizigo kupitia Butembo. Tulikubaliana na binti yake kwamba Ijumaa akishuka apite kwa fundi, achukue bango aende nalo. Alianzia kwangu kuuliza njia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na adabu nyingi, kitenge kimefungwa vizuri mabegani. Mimi wakati huo nilikuwa na bwana harusi anayekataa kufunga kifungo cha shati na shangazi watatu wanaogombania maua ya plastiki, nikamwelekeza kwa kidole kupitia dirishani. Sikumwonyesha picha, hata ile ya dirishani, naye hakuniuliza. Ilinipasa kufunga studio na kwenda naye, na sikwenda.

Jumamosi nikapanda gari la Beni mapema. Kwenye kizuizi askari mmoja alifungua begi la kamera, akaniuliza kwa Kilingala kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikamwambia mimi ni wa harusi na ubatizo. Basi akataka nimpige yeye. Akapanua miguu, akaweka mkono kwenye mkanda, na nikampiga bila kusema neno, jambo ambalo kwangu ni gumu.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa mbele ya depo. Akina mama kumi na zaidi, kila mmoja na binti yake, wamevaa vizuri, wamejipanga kwa foleni. Furaha ilinijaa mpaka nikasahau kumlipa dereva, akaniita. Nilijiambia kumbe watu wa Beni nimewaonea bure. Kisha nikainua macho.

Juu ya mlango alikuwepo mwanamke aliyevaa koti la kijivu lenye kifungo kimoja na ua dogo kifuani. Shingo ilikuwa imechongwa ikawa nyembamba. Ekseli hakuna. Mikono hakuna, koti limeishia kwenye viwiko na chini yake yameanza maandishi. Uso ulikuwa wake, ule ule uliotulia, lakini juu ya mwili ule ulionekana umekosea nyumba. Andikisha binti yako hapa, Jumamosi.

Nikawaangalia mabinti kwenye foleni. Mmoja alikuwa na mkasi wa kukatia nguo. Wawili walikuwa na futikamba za fundi shingoni. Walikuja kujifunza kushona. Nani asingefikiri hivyo? Mama mmoja mwenye heshima zake akaniuliza kama cherehani zimeshafika au zinakuja Jumatatu.

Mori ulinipanda. Nikampigia simu fundi pale pale barabarani, mbele ya watu wote, nikampa vidonge vyake. Nilimwambia amenichafua, nilimwambia angeweza kumvisha koti hata mama yake mzazi akiwa na uchungu wa kuzaa. Sijivunii hilo. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, kisha akajibu kwa upole.

"Mama, haikukuwa wazo yangu. Uliza ule mama mwenye alikuya kuikamata. Alilia hapa mbele ya machine. Ningefanya je?"

Yule mama wa viazi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tofali kando ya mlango, macho chini. Alikuwa amefika Ijumaa jioni na bango limekunjwa chini ya viazi. Asubuhi, kabla binti yake hajaja kufungua, alitafuta wapagazi wawili wenye ngazi, wakalifunga juu kwa waya, wakaondoka na ngazi yao. Nikamwendea nikiwa bado nina maneno mengi. Alinitangulia. Akaniambia barabara ile inapitwa na Beni nzima. Akaniambia kwamba mara mbili watu walikwenda kwake kumuulizia binti yake, wakanywa chai, wakaelezwa na majirani anafanya nini, hawakurudi tena. Sasa picha ile ikikaa pale juu, mchana kutwa, mwaka mzima, hata wa tatu asingekuja. Hakutaka kumnyima depo. Alitaka apate depo na apate mume, na aliona koti moja dogo linatosha kwa yote mawili.

Nilitaka kumwambia ni upuuzi, na nilimwambia. Lakini siwezi kudai kwamba sikumwelewa. Nimepunguza mabega ya mabinti wa watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na sikuwa hata mama yao.

Binti alikuwa ndani, kwenye meza, daftari limefunguliwa, kalamu mkononi. Hakuwa ameandika jina hata moja. Nje walikuwa wasichana kumi na wanne na wazazi wao, tayari. Na hapa nitasema kweli ingawa hainipendezi. Nilimwambia aandike. Nilimwambia chukua majina yote, Hadji akija mwonyeshe, depo liwe lako, halafu Jumatatu utawaeleza. Watakaoondoka wataondoka, lakini mlango utakuwa umeshakuwa wako. Nilisema kwa sauti ya chini na kwa haraka, na wakati nasema nilijiona mwenye busara.

Akanitazama.

"Weye pia, mama?"

Akafunga daftari, akasimama, akavua koti lake la michezo, akalikunja na kuliacha mezani. Akatoa ekseli nje, kisha sahani, moja baada ya nyingine, akazipanga mbele ya mlango, chini kabisa ya bango. Watu wakarudi nyuma kumpisha, wakidhani anatoa vitu ili kutengeneza nafasi ya cherehani. Akachovya viganja kwenye mfuko wa unga wa muhogo ili chuma kisiteleze. Akainama, akashika, akavuta. Chuma kikaja hadi kifuani, kikatulia, kikapanda juu ya kichwa, na mikono ikanyooka. Akakaa nacho hapo. Nilisikia mikebe ikilia. Alipokishusha alikiweka chini taratibu, hakukitupa.

Kisha mama wa binti mwenye mkasi akaelekeza kidole kwenye bango na kuuliza, bila ubaya wowote, kwa kutaka kujua tu.

"Na ule wa juu, ni nani?"

Msichana aliinua macho akalitazama bango kwanza. Jasho lilikuwa linamshuka shingoni.

"Ule njo mutoto mama yangu alitaka," akasema. "Miye njo ule alizala."

Hakupandisha sauti. Lakini mama yake alikuwa hatua tatu kutoka pale, na sote tulijua amesikia. Alisimama kutoka kwenye tofali, akafunga kitenge upya mabegani, akaondoka akifuata barabara bila kugeuka. Nikamkasirikia na binti pia. Mtu unaweza kuwa na haki na bado ukamwumiza mama yako mbele ya watu wasiomjua. Yeye mwenyewe alikuwa ameusindikiza kwa macho mgongo wa mama yake mpaka ukapotea nyuma ya magari, midomo imebana, na mikono yenye unga haikujua pa kukaa.

Wazazi wakaanza kuondoka, kwa heshima zote. Mmoja akasema binti yake ana kifua kibovu. Mwingine akasema kwanza amwulize baba mtu. Mwenye mkasi aliondoka akiwa ameshikwa mkono, kichwa kimegeukia nyuma, anajikwaa. Waliobaki walikuwa sita. Kati yao kulikuwa na mama anayebeba mchanga wa ujenzi, aliyetaka kujua kama kazi ile inaharibu mgongo. Msichana akamweleza kwamba mgongo unaharibiwa na kubeba bila kufundishwa, akamwonyesha namna ya kuinama. Yule mama akajaribu, akajaribu tena, akasema basi angalau mmoja kwao ajue. Akamwandikisha binti yake.

Mchana kutwa nilisimama kando ya barabara, mimi na mvi zangu, nikiwasimamisha akina mama wanaopita na kuwaonyesha picha ya kweli kwenye kioo cha kamera. Wengine walicheka. Wengine walinisikiliza hadi mwisho, wakanitakia heri, wakaenda zao, na hao ndio walioniudhi zaidi. Mmoja akauliza huyo kaka anauza nini. Nikazima kamera.

Hadji alifika jua linapozama. Akasoma daftari, akasoma bango, akamtazama msichana, akalisoma bango mara ya pili. Akasema sita siyo kumi. Nilimjia juu. Nilimwambia jengo limelala na popo miaka mingi bila kudaiwa sharti lolote, leo wasichana wanataka kuingia ndipo limekuwa la kuhesabiwa majina. Aliniacha nimalize, kisha akasema kwamba wale wengine pia amewapa neno lake, na hana neno jingine la kuwapa. Nilitafuta ubaya kwenye uso wake ili nipate pa kuipeleka hasira yangu, sikuuona. Msichana akamwambia asante, Hadji. Akachuchumaa, akaanza kuchomoa sahani kwenye ekseli.

Ndipo mama yake akarudi. Alikuwa amemshika mkono msichana wa miaka kama kumi na mitatu, mwembamba, anayetembea kwa kusita, na wa sura ile ile. Sikujua kwamba kuna mdogo mtu. Mama hakumsalimia yeyote, hata Hadji, na kwa mwanamke mwenye adabu kama yeye hilo lilitushtua wote. Akamsukuma mtoto mbele ya dada yake.

"Andika huyu."

Binti yake akamweleza polepole, bila kumtazama, kwamba hawakufika kumi, depo limekwenda, na hakuna tena cha kuandikia. Mama akasema hakurudi kwa ajili ya depo.

"Mutafanyia kwangu, mu salon," akasema. "Nitaondosha viti yote. Simenti ikipasuka, ipasuke."

Kwetu saloni, yaani sebule ya wageni, ndicho chumba kinacholindwa kuliko vyote. Viti vina vitambaa vya kufuma, watoto hawaruhusiwi kukaa, na mama anakipiga deki kila asubuhi hata kama hakuna aliyeingia jana yake, kwa sababu ipo siku watu watakuja na shemasi wao na maneno yao mazuri kuuliza binti wa nyumba. Binti yake alilijua hilo kuliko sisi wote. Alibaki amechuchumaa, sahani mikononi, na kwa sauti ndogo ambayo sikuitegemea kutoka kwenye kifua kile akauliza watu wakija kuposa watakaa wapi.

Mama alikuwa ameshainama, anaokota sahani ya saruji. Ilikuwa nzito, akaivuta juu kwa mikono miwili, kitenge kikamdondoka mabegani, na hakukiokota.

"Batakaa inje," akasema.